Nguo Zilizoanikwa Kando ya Ziwa

Mama mkwe wangu alifika Nakuru kwa treni, daraja la tatu, akiwa na kuku mmoja, kibuyu cha maziwa lala na macho mabovu. Nayataja macho kwa sababu bila hayo nisingekuwa na la kusimulia. Cha karibu alikiona vizuri, hata uzi alitia kwenye sindano bila kuhangaika. Cha mbali kwake kilikuwa rangi tu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari, uhuru bado unasemwa kwa sauti ya chini. Mume wangu alikuwa mtu wa karakana ya reli, kazi yake kupaka magurudumu ya mabehewa grisi, na tulikaa landi. Landi ni nyumba za wafanyakazi wa reli: chumba kimoja kwa kila familia, mistari ya nyumba imepangwa mgongo kwa mgongo, na bomba moja la maji la watu wote. Sisi ni watu wa magharibi, na wengi pale walikuwa wa huko huko, kwa hivyo matusi ya bombani niliyaelewa yote bila mkalimani.

Mama alikuja kwa sababu nilikuwa nimejifungua. Alikuwa amezaa watoto wengi, akawazika, akabaki na mume wangu peke yake. Kwa hiyo huyu wangu alikuwa mjukuu wake wa kwanza, na kwa jinsi mambo yalivyokuwa, huenda angekuwa wa mwisho. Nilimpa mtoto. Alimnusa tu: shingoni, nyuma ya sikio, kwenye nyayo, hata nikashindwa kujizuia.

“Mama, ni mtoto huyo, si ndizi.”

“Wewe nyamaza,” akasema. “Wewe umekaa naye miezi tisa.”

Hapo nikampenda, basi. Watu husema mke na mama mkwe hawapikiki chungu kimoja. Sisi tulipika, tena tukala kwenye sinia moja.

Sasa mjue jambo hili. Katika kanisa letu, mjukuu wa kwanza hubebwa na nyanya yake mpaka mbele kwenda kubatizwa. Mama mzazi anamfuata nyuma mikono mitupu. Desturi hiyo haikuandikwa popote, lakini jaribu kuivunja uone. Mama alikuwa amejishonea gauni jeupe la kuvaa siku hiyo kabla hata mimba yangu haijaonekana. Tulimngoja mchungaji tu, ambaye alikuwa na makanisa mengi ya kuzunguka, Njoro, Molo, mpaka huko Longonot, na kwetu alifika kwa nadra kama mgeni. Akishatoka, hamumwoni tena mpaka mavuno. Na mama hakuweza kungoja mavuno, kwa maana shamba lake nyumbani lilitaka kupandwa na hakuna mwingine wa kulipanda.

Asubuhi moja, bado mgeni mgeni, alisimama nyuma ya nyumba kwenye kamba za nguo, mtoto mgongoni. Kutoka pale landi, siku isiyo na vumbi, unaliona ziwa lote bondeni. Mimi nilikuwa nimeinamia karai, povu mpaka kwenye viwiko.

“Mama mtoto,” akaniita, “ni nani amefua hivi? Ameanika mpaka mwisho.”

Nikafikiri anasema kamba za majirani. “Ah, hapa watu hufua kutwa, mama. Masizi ya treni hayatuachi.”

“Hakuna mwanamke mwenye nguo nyingi hivyo,” akasema. Halafu nikamsikia akinong'ona, wala si kwangu. “Basi ni Zake.”

Sikuuliza. Nilikuwa na nepi za kukamua.

Kila Alhamisi akina mama tulikutana kanisani kuomba. Kila mmoja kwa zamu alisimama na kuomba kwa maneno yake. Nasema maneno yake, lakini yalikuwa ya mzee wa kanisa. Huyo mzee alikuja kuketi nasi, eti kutusaidia, saa yake ya mfukoni imening'inia kwa mnyororo, na sote tulikuwa tumeyaiga maombi yake neno kwa neno: Mfalme wa wafalme, uketiye juu ya kiti cha enzi, sisi wadudu wako. Mimi pia nilijiita mdudu kila Alhamisi, na jioni narudi nyumbani kumfokea mume wangu. Mdudu gani huyo?

Zamu ya mama ilipofika alisimama, akafunga kitambaa chake vizuri, akaomba hivi. Nayakumbuka yote, kwa sababu baadaye nilimwomba ayarudie mpaka yakanikaa.

“Wewe uliyeamka kabla yetu, ukawasha jua, ukafagia usiku ukautoa nje ya mlango. Umefua nguo zako, umezianika kando ya ziwa, nasi tumeziona zikiwa mbichi, rangi ya ulimi wa ndama. Menengai ni jiwe la meko yako, bado linatoa moshi. Mvua ni maji yako ya kusuuzia. Ukiyamwaga, mahindi yetu yanakunywa. Ukimaliza kazi, njoo ukae nasi. Kiti hatuna. Mkeka tunao.”

Jamani! Jirani yangu alisahau kuitikia amina. Mimi nilikuwa nimefumba macho, na nikaogopa kuyafumbua, maana kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe niliona kwamba Mungu yuko karibu kiasi cha kunisikia nikipumua. Nilisoma shule ya misheni miaka michache. Nikaimba nyimbo za theluji ambayo sikuwahi kuishika, na za minara na malango ya lulu. Ziliimbika vizuri, sikatai. Lakini zilipita juu ya kichwa changu kama treni ya mizigo, ndefu, yenye kelele, isiyosimama kwetu. Haya ya mama yalisimama. Menengai, mlima ulio juu ya mji wetu, nilikuwa nauona kila siku, na moshi wake wa asubuhi nilikuwa nauona kila siku, na sikuwa nimewahi kujiuliza ni nani anapika.

Mzee wa kanisa yeye aliuliza jambo jingine.

“Mama mgeni,” akasema, “Mungu anafua nguo?”

“Nimeziona,” mama akajibu, tena kwa furaha, kama mtu aliyeulizwa habari za nyumbani.

“Nguo hufuliwa kwa kuwa zimechafuka. Unasema Mungu ana uchafu? Tena unamfanya mwanamke wa karai? Na hizo unazoita nguo ni ndege! Ndege, mama! Flamingo! Umesimama mbele za Mungu ukaomba uongo.”

Mama akanigeukia. Sijausahau uso ule. “Ni ndege?”

“Ni ndege, mama,” nikasema, na nikatamani ardhi inimeze, kwa maana ndipo nilipoelewa alichoniuliza siku ile kwenye kamba.

Wazee wa kanisa wakakutana, wakamweka nyuma. Kuwekwa nyuma kwetu ni hivi: unakaa benchi la mwisho karibu na mlango, hukaribii Meza ya Bwana, wala huruhusiwi kupita mbele kwa jambo lolote, mpaka usimame mbele ya watu wote useme nimekosa. Wezi waliwekwa nyuma. Walevi pia, na waliooana kienyeji. Sasa na mama yetu, kwa ajili ya nguo za Mungu. Na mnaona lililofuata: aliyewekwa nyuma hapiti mbele, na asiyepita mbele hambebi mtoto.

Nilipandwa na mori, haki ya Mungu. Bombani siku hiyo niliongea mpaka ndoo za watu zikafurika. Niliuliza: mfalme je? Mfalme si ana vazi? Vazi lake anafuliwa na nani? Mwamba mnamwita, ngome mnamwita, na mwamba unakojolewa na mbuzi, mbona hapo hamsemi mmemtukana? Wanawake wakacheka, lakini walicheka wakitazama nyuma kama kuna mtu anasikia.

Mama hakukasirika. Alisema, “Nipeleke nikawaone hao ndege.”

Tukashuka, yeye, mimi na mtoto, mchana, tukafuata njia ya ng'ombe mpaka matope ya magadi yakaanza kutunasa miguu. Kunanuka huko, nisiwadanganye. Mama alishika mkono wangu akaendelea kutembea, macho ameyakaza, na mimi nilikuwa nimejaa hofu. Nilihofia kwamba atakapoona miguu na midomo na manyoya, maombi yake yatamponyoka mikononi kama bakuli, na hatakuwa na jingine. Kwake rangi ile ndiyo ilikuwa ushahidi. Ningemrudishaje nyumbani bila Mungu wake na bila kumbeba mjukuu?

Tulipokaribia, wakaruka. Si wote, upande mmoja tu, lakini upande huo ulikuwa mkubwa kuliko landi yote. Waliinuka kutoka majini wakaonyesha wekundu ulio chini ya mabawa, na upepo wao ukatupiga usoni. Mama aliniachia mkono, akaweka mkono wake kinywani. Kisha akacheka, akacheka mpaka akachuchumaa kwenye matope, machozi yanamtoka.

“Kumbe ndivyo anavyoanua!” akasema. “Hata hazigusi!”

Nami nikalia. Sijui kwa nini. Lakini mbona nasema sijui? Nilijua vizuri sana. Nililia kwa sababu nilidhani ukweli utamnyang'anya, na ukweli ulikuwa umemwongezea.

Tukirudi, alisimama njiani kupumzika akaniambia, “Nitaomba msamaha kwa hao ndege kwa kuwaita nguo. Wakubali wasikubali. Lakini Mungu sijamkosea. Nikisema nimemkosea, nitakuwa nimesema uongo kanisani, na huo ndio uongo hasa.”

Mume wangu hakulipenda jibu hilo. Alikuwa mtu mpole, mikono yake nyeusi ya grisi hata siku ya Jumapili, na hakutaka ugomvi na wazee.

“Mama, ni neno moja tu,” alimsihi. “Useme nimekosa, umbebe mtoto, urudi nyumbani kwa amani. Neno moja!”

“Mwanangu, nilipowazika ndugu zako watu waliniambia Mungu ni mfalme, akitaka kuchukua anachukua. Nikamwogopa miaka mingi. Sijamwona mfalme mimi, nitamjuaje? Lakini kufua nakujua. Asubuhi ile nilipoona kwamba naye anaamka, anainama, anakamua, anaanika, hofu ilinitoka. Sasa nimwambie nimekosa kwa kuacha kumwogopa?”

Mume wangu alitoka nje. Nilimkuta kwenye kamba za nguo, ameshika nepi moja kavu, anaikunja na kuikunjua. Sikumsemesha. Kuna wakati hata mimi nanyamaza.

Mzee wa kanisa akatutumia mjumbe kusema kwamba wameona njia: mke wake ndiye atakayembeba mtoto. Mke wake! Sina ubaya na yule mama, alikuwa mtu mwema aliyeolewa vibaya. Lakini nilimjibu mjumbe kwamba mtoto wangu si sahani ya sadaka, hapitishwi mkono kwa mkono. Tena nilisema mengine, ambayo siyaandiki.

Jumapili ya ubatizo ikafika. Kanisa lilijaa, mabati yanalia kwa joto. Mama alikuwa amevaa gauni lake jeupe, limepigwa pasi ya makaa mpaka linakatika mikunjo, na akaenda moja kwa moja kuketi benchi la nyuma, mtoto mapajani, kama vile benchi hilo lilijengwa kwa ajili yake. Hakuinamisha kichwa. Alimtazama mtoto. Niliona anajifunza sura yake, kwa maana treni ya kumrudisha ilikuwa kesho yake, na alijua kwamba karibu wataita, na atalazimika kunipa mimi nimpeleke mbele bila yeye.

Jina letu likaitwa. Mume wangu akasimama pale kwenye benchi za wanaume. Mama akaninyooshea mtoto.

“Nenda,” akaniambia. “Mimi nitaona kutoka hapa.”

Ataona! Na macho yale! Kutoka pale angeona rangi tu.

Basi mimi nikaketi. Niliketi kwenye benchi la nyuma, kando yake, nikakunja mikono. Jina likaitwa tena. Watu wakageuza shingo. Mume wangu alinitazama, akamtazama mama yake, kisha nikamwona anaacha mahali pake, anakuja nyuma, anapita wanaume wote wa reli kwa viatu vyake vinavyolia, na kuketi upande wa pili wa mama. Kama kuna siku niliyompenda mwanamume yule, ni hiyo.

“Mbona mtoto yuko mlangoni?” mchungaji akauliza. Alikuwa mzee, amechoka na safari, kanzu yake nyeupe ina vumbi la njia kwenye pindo.

Mzee wa kanisa akaeleza. Aliyaeleza yote, nguo, karai na ndege, na alipofika kwenye maji ya kusuuzia alipunguza sauti kama mtu anayetaja jambo la aibu.

“Mama,” mchungaji akasema, “ningependa kuyasikia mwenyewe.”

Mama akasimama, mtoto mikononi. Akayasema yote toka mwanzo, wala hakupunguza hata neno. Akaongeza: “Nami nikadhani ni nguo, kumbe ni ndege, nikaja karibu, ukaanua mbele ya macho yangu bila kuzigusa.”

“Mchungaji, muulize,” mzee wa kanisa akasema, na naye, nadhani, aliamini kweli kwamba anamlinda Mungu. “Muulize kama nguo za Mungu huchafuka.”

“Umesikia swali, mama,” mchungaji akasema.

Mama alikuwa anatazama chini, na mimi niliyekuwa karibu naye niliona anachotazama. Mtoto alikuwa amekojoa. Gauni jeupe lote upande wa mbele lilikuwa limelowa, kutoka kifuani mpaka magotini, na matone yanaanguka sakafuni, tip, tip, kila mtu anasikia. Nikanyoosha mikono nimchukue. Akanikataza kwa bega.

“Mchungaji,” akasema, “mimi nimembeba huyu mmoja tu, tena tangu asubuhi. Mungu ametubeba sote.”

Nilimwona mke wa mzee wa kanisa akijifuta macho kwa ncha ya leso. Mchungaji alisimama pale mbele kwa muda, akatazama pindo la kanzu yake lenye vumbi. Halafu hakutuita mbele. Alichukua bakuli la maji kwa mikono yake miwili, akashuka, akaja nalo katikati ya kanisa, polepole lisimwagike, akapita benchi zote mpaka la mwisho karibu na mlango. Mama alimwinua mtoto. Hapo ndipo mwanangu alipobatizwa, kwenye benchi la wezi na walevi, mikononi mwa nyanya yake, na maji yaliyomwagika kichwani yakashuka kwenye gauni lile lile, yakachanganyika na yale mengine.

Mzee wa kanisa? Hakutusalimia mwaka mzima. Akafanya vizuri, kwa sababu sikuwa na jibu zuri la kumpa.

Tangu hapo nimesikia mashairi mengi ya dini yenye milima na bahari na nyota, mengine yametungwa na watu wenye kusoma sana, na mengi ni mazuri. Nikiyasikia nauliza jambo moja tu: je, aliyetunga alikuwa ameona kitu kwa macho yake, hata kama aliona vibaya? Kama hakuona, mimi hayanishiki. Na sijawahi kuanika shuka tena bila kutazama upande wa ziwa.

Siku iliyofuata tulimsindikiza stesheni. Nilikuwa nimetaka kumfulia gauni asubuhi, jua lilikuwa kali, lingekauka kabla ya treni. Nililitafuta kila mahali. Kumbe alikuwa amelikunja likiwa bado bichi, akalitia chini kabisa kwenye kikapu chake. Niliposhika kikapu kumpandishia behewani, harufu ikanipata.

“Mama, hukunipa nilifue! Safari ni ndefu, litanuka.”

Akakivuta kikapu kutoka mikononi mwangu, akakipakata.

“Acha linuke,” akasema.